Safu ya Sababu: Kumkumbuka Baba, Mwalimu wa Mwaloni

Baba yangu alifuata mwezi kuliko wavuvi wengi wa Kayenze, na hakuwahi kumiliki hata kasia. Kwenye kalenda iliyotundikwa sebuleni alizungushia kwa penseli siku za mbalamwezi na kupiga mistari kwenye siku za giza, mwezi baada ya mwezi. Wageni walidhani ana mtumbwi wake wa siri. Sisi watoto tulidhani ni mambo ya kanisa, kwa sababu tulishasikia kwamba Pasaka nayo hutafutwa kwa mwezi. Kumbe yalikuwa mambo ya hesabu za darasa la sita.

Aliyekulia pembeni mwa Ziwa Victoria hahitaji maelezo marefu hapa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Taa inawashwa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi za betri na sola, dagaa wanaukimbilia mwanga, wavu unazungushwa. Mwezi ukishakuwa mkubwa taa haifui dafu. Dagaa wanatawanyika, mitumbwi inapandishwa mchangani, watu wanashona nyavu, wanalala, wengine wanakunywa hadi mwezi upungue. Giza likirudi mwalo mzima, yaani ufuko wa mitumbwi, uko kazini: kubeba ndoo, kuanika, kugeuza, kufukuza ndege, kuanua haraka wingu likitanda. Kazi hizo hutafutiwa mikono midogo inayolipwa kidogo. Kwa hiyo giza likiingia, darasani madawati yanabaki wazi.

Walimu wengi waliuita huo utoro, na dawa ya utoro kila mtu aliijua. Baba naye alianza hivyo hivyo. Hata yeye hakuificha habari hiyo. Kisha akaanza kuandika. Rejista ya mahudhurio ilikuwa na nafasi ya alama ya kuwepo na ya kutokuwepo, basi. Yeye alichukua rula, akachora safu nyembamba ukingoni mwa ukurasa, juu yake akaandika "Sababu". Humo aliweka neno moja moja kwa penseli iliyochongwa kwa wembe: dagaa. Njaa. Sare. Analea mdogo wake. Homa. Dagaa. Dagaa. Haijulikani. Hilo la mwisho halikudumu. Jioni akitoka shule alipanda baiskeli hadi kwa mtoto, akapiga hodi, akasalimiana na wazee kwa Kisukuma, akapewa kigoda, akauliza habari za mvua na pamba kabla hajamtaja mtoto. Akirudi nyumbani alifuta neno lile kwa kifutio na kuandika jingine.

Baada ya mihula kadhaa aliona kinachojirudia, akapanga azimio lake la kazi kwa mwezi. Sehemu, asilimia na magazijuto zikaingia wiki za mbalamwezi, watoto wote wakiwa wamekaa mbele yake. Wiki za giza alirudia yaliyopita na kuwapa waliopo mazoezi. Siku moja mkaguzi alifika, akakuta mada ya sehemu imesogezwa mbali na mahali ilipotakiwa iwe, akauliza kulikoni. Baba akamtolea rejista, akamfunulia na kalenda. Kwa simulizi ya Baba mwenyewe, mkaguzi aliangalia kwa muda mrefu, akacheka, akampongeza kwa mkono, kisha akaandika kwenye ripoti kwamba mwalimu azingatie mtaala. Baba aliipenda sana hadithi hiyo. Aliisimulia kila tulipopata mgeni, na kila mara mkaguzi alizidi kucheka.

Wanaomsifu sasa huzungumza kana kwamba alizaliwa na chaki mkononi. Hapana. Alizaliwa Ukerewe, mtoto wa mkulima wa mihogo, akamaliza darasa la saba wakati nchi inatafuta walimu kwa udi na uvumba. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikuwa limetaka watoto wote waliofikia umri wa kwenda shule wawe darasani ifikapo 1977, na vyuo vilivyokuwepo visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda ule. Ndipo vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa na kufundwa ualimu humohumo kazini. Wanafundisha madarasa ya chini, halafu saa nyingine za siku wanageuka wanafunzi wenyewe. Baba alikuwa mmoja wao. Alikuwa hajaota ndevu vizuri, na baadhi ya watoto aliowafundisha walikuwa nazo.

"Mwalimu wa UPE", kifupi cha Kiingereza cha mpango ule wa elimu ya msingi kwa wote, halikuwa jina la heshima. Lilisemwa kwa mdomo uliopinda, kama walivyokuja kuitwa vodafasta wale wa kozi za haraka miaka mingi baadaye. Mzazi akichukia alama za mwanawe alijua pa kumchoma mwalimu. Baba alijiendeleza taratibu, kutoka daraja C hadi A, akisoma usiku kwa chemli na kufanya mitihani pamoja na vijana wa umri wa wanafunzi wake wa zamani. Nadhani dhihaka ile ndiyo iliyomfanya awe mtu wa kuandika kila kitu. Aliyekwisha kuambiwa hajui kazi hutunza ushahidi.

Mama ni Msukuma wa Magu. Alikuja Kayenze akiwa mke wa mwalimu, na kwa muda fulani majirani waliamini kwamba hilo ni jambo la kuonea wivu. Miaka ya tisini wivu uliisha. Mshahara ulichelewa, ukija ulikuja pungufu, na duka lililotukopesha sukari liliwahi kutuma mtoto aje adai mbele ya wageni. Mama aliamka alfajiri kukanda unga, jua linachomoza tayari ameketi njia ya kushukia mwaloni na beseni la maandazi. Yale maandazi ndiyo yaliyonunua sare zetu, mafuta ya taa ya chemli ya Baba, na mara nyingi hata chaki, kwa maana shule ikiishiwa chaki Baba alinunua. Watu wakisema "Mwalimu alijitolea" mimi huongeza kimoyomoyo kwamba kilichotolewa kilitoka pia kwenye beseni la Mama. Yeye mwenyewe hakuwa akikisema kimoyomoyo. "Hii serikali ya kwako nimeajiriwa lini mimi?" alimuuliza siku moja, akimhesabia sarafu. Baba akacheka, akazichukua.

Usiku nyumba yetu ilikuwa ofisi. Madaftari yalipangwa mezani marundo matatu: yaliyosahihishwa, yasiyosahihishwa, na nafasi tupu upande wa kushoto kwa ajili ya yasiyoletwa. Sisi tulikuwa na kazi zetu. Kaka aliyafungua kwenye ukurasa wa leo, dada alisoma majina, mimi niliwasha njiti za kiberiti upepo ulipozima taa, na mdogo wetu alikatazwa kugusa chochote. Kalamu nyekundu ya Baba haikuandika vema na kosa peke yake. Pale mtoto alipokosea njia alirudi nyuma mstari kwa mstari mpaka akapata hatua ambayo mguu uliteleza, akaizungushia. "Hapa alikuwa bado mzima," alisema, "hapa ndipo alipougua." Nimekutana na wahasibu wenye shahada wasiojua kutafuta kosa namna hiyo.

Ugali ukishatengwa aliangalia duara letu, akauliza, "Nani hayupo?" Hata sote tukiwepo aliuliza. Kama kaka alikuwa bado ziwani akiogelea tulisubiri, ugali ukapoa, Mama akanuna. Baba hakuwa mtu wa kubembeleza watoto kwa maneno. Sikumbuki kuambiwa ananipenda, na kwa wazazi wa rika lake nani aliambiwa? Lakini sikuwahi kula chakula cha jioni katika nyumba ile bila kuhesabiwa.

Nisije nikamchora malaika. Alichapa. Alichapa shuleni kama walimu wote wa wakati wake, na mimi nilipofika darasa lake alinichapa zaidi ya wenzangu ili pasiwe na mtu wa kusema anapendelea. Darasani nilimwita Mwalimu, nyumbani Baba, na njiani kati ya hapo na pale sikujua nimwite nani, nikanyamaza. Dada yangu mkubwa mpaka leo hajalimeza hilo. Baba alipostaafu, dada aliwahi kumwambia uso kwa uso kwamba alikuwa mwalimu mzuri wa watoto wa wenzake. Baba hakubisha wala hakuomba radhi. Wiki iliyofuata alimpelekea mbuzi. Tulijadiliana sana kuhusu yule mbuzi.

Kuna jambo moja alilolifanya ambalo sijasikia likitajwa popote, pengine kwa sababu wanaume huona haya. Safu yake ya sababu ilimwonyesha kwamba wasichana wa darasa la sita na la saba hukosekana siku chache kila mwezi, tena si kwa mwezi wa angani. Wakiulizwa walisema homa, au waliangalia chini. Alielewa, na akaelewa vilevile kwamba yeye si mtu wa kuuliza zaidi ya hapo. Akampa Mama majina. Mama akaanza kuwaita mmoja mmoja pale penye beseni, andazi moja mkononi, maneno mawili sikioni, na vitambaa vilivyokatwa kwenye khanga zilizochakaa, vikafuliwa na kupigwa pasi. Kwenye rejista Baba aliandika "amezungumza na mama". Mimi nilipofika umri huo nilikuta kila kitu kimeandaliwa na kila msichana mkubwa anajua pa kwenda. Nilidhani shule zote ziko hivyo. Nilipokwenda sekondari mjini ndipo nikajua la.

Mei 21, 1996 ilikuwa Jumanne. MV Bukoba ilizama asubuhi ile ikitokea Bukoba kupitia Kemondo, imebakiza kidogo tu kuingia Mwanza. Mamia walikufa, na wengi wao wamezikwa Igoma. Hapakuwa na kijiji pwani hii ambacho hakikuguswa. Katika darasa la Baba palikuwa na watoto wawili wa tumbo moja ambao mama yao alikwenda Bukoba kufuata ndizi. Wiki nzima alipiga alama ya kutokuwepo kwao na safu ya sababu akaiacha wazi. Nililiona hilo mwenyewe, kwa kuwa mimi ndiye niliyebeba rejista. Watoto wale walichukuliwa na bibi yao Kwimba. Msiba ulipotulia Baba alianza kuandika barua. Aliandika kwa bibi, akaandika kwa mwalimu mkuu wa shule ya jirani na bibi, akaambatanisha alama zao za miaka yote alizozinakili kwa mkono, ili wasirudishwe darasa kwa kukosa karatasi. Majibu yalichelewa, akaandika tena. Mwishowe ikaja barua fupi ya kwamba wamepokelewa darasa lao lilelile. Aliisoma kwa sauti tukiwa tunakula. Mama ndiye aliyelia.

Ila kisa ninachokifikiria zaidi ni cha kijana wa Kome.

Alikuwa na kichwa cha hesabu kisicho cha kawaida. Baba alikuwa akimaliza kuandika swali ubaoni, yule kijana amekwisha kuinua mkono. Akiwa darasa la saba mjomba wake alimchukua akamkabidhi kwa tajiri mmoja mwenye mitumbwi kwenye kambi ya dagaa kisiwani Kome. Baba aliandika "dagaa" mara nyingi mno mfululizo, akaona haitoshi. Likizo ya katikati ya muhula alivuka kwa kivuko cha Kamanga, akapata lori hadi Nyakaliro, akavuka tena kwa mtumbwi wa abiria. Alikwenda na kilo mbili za sukari na majani ya chai. Wenzake walimshauri achukue barua ya mtendaji na mgambo, alikataa. Alisema ukienda na mgambo kambini, mtoto anafichwa kisiwa kinachofuata, na wewe huna pesa ya kuvuka mara ya tatu.

Alilala kambini. Alikula ugali na dagaa na vijana wote, akaangalia wanavyogawana mapato, akagundua mgawaji anakosea, akawasaidia kupiga hesabu upya. Tajiri akampenda. Asubuhi ndipo Baba alipotaja kilichompeleka. Mtihani wa taifa ulikuwa Septemba. "Naomba unipe kijana kuanzia sasa mpaka mtihani uishe," alimwambia, "giza la Oktoba nakurudishia." Tajiri alicheka mpaka akakohoa, kisha akakubali.

Kijana akaja kukaa kwetu. Alilala na kaka zangu kitanda kimoja, alinuka dagaa siku za mwanzo, alikula sana. Baba alimfundisha usiku pale mezani, akimtoa kwenye rundo la wasioleta madaftari kumpeleka kwenye rundo la waliosahihishwa. Mtihani aliufanya vizuri. Lakini shule za sekondari za serikali zilikuwa chache mno. Shule za kata zilikuwa bado hazijafika. Walichaguliwa wachache wa kuhesabika, na yeye hakuwamo. Hata hivyo hilo lilijulikana baadaye. Oktoba ilipoingia matokeo yalikuwa bado hayajatoka, na Baba alimpandisha kijana kwenye daladala, akaenda naye hadi kivukoni, akamrudisha.

Nilimchukia Baba kwa hilo kwa miaka. Nilimuuliza kwa nini asingemficha, asingesingizia ugonjwa, asingefanya lolote. Alinijibu, "Nilimwahidi yule bwana Oktoba." Wapo watakaosema alikosea, kwamba ahadi kwa mtu anayemtumikisha mtoto si ahadi, na sina hoja kali ya kuwapinga. Ninachojua ni kwamba baada ya hapo tajiri yule aliwaachia watoto wengine wawili kila ulipokaribia mtihani, bila Baba kuvuka tena. Na kijana mwenyewe leo ana mitumbwi yake. Ni mmoja wa wanaoniletea mzigo. Tunapopigiana hesabu ya ndoo na mgawo wa vijana wake yeye hamalizi kusubiri nifungue kikokotoo cha simu. Amekwisha kupata jibu, ananitazama tu.

Ndiyo, mimi ni mfanyabiashara wa dagaa, na hapo ndipo palipokuwa na kichekesho cha familia yetu. Mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kuwatoa watoto kwenye dagaa, binti yake mwenyewe alimaliza kidato cha nne, akaangalia mjini, akaangalia ofisi, akachagua soko la dagaa la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Baba hakunigombeza. Alinyamaza, jambo ambalo kwake lilikuwa baya zaidi. Alikuwa akiniita "mama" kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. Kwa miezi kadhaa alianza kuniita kwa jina langu la shule.

Jumamosi moja akatokea. Mwaloni asubuhi hapana nafasi ya kugeuka: magunia, mikokoteni, wapagazi wanapiga kelele upishe njia, wanunuzi wa Congo na Burundi wanachukua dagaa kiganjani, wanawasugua, wananusa kama wana mchanga. Nikamwona Baba ananyata katikati ya mikokoteni amevaa koti lake la kaunda, viatu vimepakwa rangi. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa juu ya gunia.

"Naomba kuona kitabu," akasema.

Kitabu kipi? Mimi nilikuwa nahifadhi kichwani, na kwenye vikaratasi ndani ya pochi. Hakusema neno. Akainuka, akapotea sokoni, akarudi na kaunta buku jipya na rula. Akakaa tena kwenye gunia, kitabu juu ya magoti, akaanza kuchora mistari kwa kalamu nyekundu, polepole, huku mteja wangu anasubiri: tarehe, aliyeleta, ndoo, bei, aliyechukua, alicholipa, deni. Alipofika ukingoni akachora safu moja nyembamba zaidi. Hakuwa na haja ya kuiandika kichwa. Nikamwambia, Baba, hii ni biashara, watu wakikosa kulipa sababu ni moja tu, hawana pesa. Akasema, "Mama, hawana pesa kwa sababu gani?"

Nimeitumia safu ile tangu hapo. Mwanamke wa Bukoba aliyekuwa akinilipa kwa tarehe akachelewa ghafla. Zamani ningempigia simu ya matusi kama wenzangu. Nilikwenda, nikakuta mume kalazwa Bugando, nikamwacha. Alilipa yote kwa mafungu na mpaka leo hanunui kwa mwingine. Mwingine aliandikwa "haijulikani", nikafuatilia, nikakuta amejenga. Huyo nilimdai kwa sauti ya juu. Baba hakunifundisha upole, watu huchanganya. Alinifundisha kuuliza mapema, kabla hasira haijapata muda wa kukomaa, na kwenda mwenyewe.

Alistaafu akiwa na miaka 60, shule ya mwisho ikiwa ya mjini, darasa lina watoto zaidi ya mia na wengine wamekaa sakafuni. Mafao yalimjengea nyumba Buhongwa, kwa maana ya kwamba yalimalizia kuta ambazo yeye na Mama walizianza kwa maandazi. Hakuishi ndani yake sana. Kiharusi cha kwanza kilimchukua mkono wa kulia. Akajifundisha kuandika kwa wa kushoto, akiwa na daftari la mistari mipana la mjukuu wake wa darasa la kwanza, wakishindana nani ataandika vizuri herufi "g". Mjukuu alishinda. Kiharusi cha pili hakikumpa nafasi.

Tulivuka naye kwenda Nansio akazikwe kwao. Kwenye mazishi ilisomwa historia fupi ya marehemu: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alihamishwa, alipandishwa daraja, alistaafu, ameacha mjane, watoto watano na wajukuu. Aliyeisoma alisoma vizuri. Mama alipoketi mkekani na wanawake wenzake akasema, si kwa sauti ya chini, kwamba ameshangaa kusikia maisha ya miaka yote hiyo na hakuna mahali palipotajwa andazi. Wanawake wakacheka msibani, wakazibana midomo kwa khanga.

Sasa hivi wanaonianikia mzigo wako Kayenze kulekule, wanawake kumi hivi, na siku za shule sipokei mtoto kwenye chanja. Hilo lina gharama yake. Jirani zangu wa biashara wanaotumia watoto wanamaliza kuanua kabla yangu, malori yao yanaondoka mapema, na wanaofika sokoni kwanza ndio wanaopata bei. Mimi napata inayobaki. Giza lililopita niliandika hasara kwenye kaunta buku, na kwenye safu ya pembeni nikaandika "shule". Nilipomweleza Mama aliniangalia kwa huruma ile aliyokuwa akimwangalia nayo Baba mwisho wa mwezi. "Umerithi rejista," akasema, "ungerithi angalau ile baiskeli ungeiuza." Kisha akauliza mzigo ujao unaingia lini, kwa sababu ana wageni kutoka Magu na anataka ndoo moja ya dagaa wasio na mchanga, tena kwa bei ya jumla.